Kusema Kavu

Mtu akiniuliza Dar es Salaam ilikuwaje nilipokuwa mdogo, simwambii habari za bahari wala za majumba ya Wajerumani. Namwambia ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Hapo ndipo anaponitazama kwa huruma, maana yeye anaijua Kariakoo hii ya leo, ya kununua na kuuza tu, ambayo hata sindano ya kushonea imeshuka bandarini. Haamini kwamba mji huu uliwahi kukaa ukafuma nguo yake wenyewe ikavaliwa mpaka Kigoma. Nami sina la kumwonyesha. Viwanda vimekuwa maghala ya bidhaa za watu wengine, mashine zilikatwakatwa zikauzwa vyuma chakavu. Ushahidi niliobaki nao ni mama yangu, na mama yangu yuko kitandani, hatoi sauti.

Niseme mapema nisikupotezee muda: hii si habari ya kushinda. Mwaka huu mama alipigwa na kiharusi, kikamchukua sauti na upande mmoja wa mwili, kikamwachia midomo. Midomo ile ikawa inasema jambo, jambo lile lile, asubuhi mpaka jioni, huku macho yamenikazia. Sikujua ni jambo gani. Mimi ni mtu niliyetaka mengi katika maisha yangu na mengine nikayapata kwa kelele tu, lakini sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kujua mama ananiambia nini.

Ila lazima nianzie kiwandani, la sivyo hutanielewa.

Kiwanda cha mama kilikuwa njia ya Morogoro, ng'ambo ya bonde la Jangwani. Pamba ilikuja kutoka Usukumani kwa marobota makubwa, ikasokotwa uzi, ikafumwa, ikapigwa chapa, ikatokea mlango wa pili imeshakuwa kanga na vitenge na mashuka ya hospitali. Watu waliingia kwa zamu na zamu ziliitwa kwa king'ora. Bibi yangu, mzaa mama, hakuwahi kuwa na saa. Aliinjika maharage kwa king'ora na kuyaepua kwa king'ora, na siku umeme wa kiwandani ukikorofisha, nyumba nzima tulikula maharage magumu na hakuna aliyethubutu kusema kitu.

Mvua ikijaza Jangwani, mabasi ya kiwanda hayakupita. Zamu iliyokuwa ndani ikaunganishwa na inayofuata, maana mashine hazikusimama kwa sababu ya mvua ya mtu. Sisi huku Kariakoo tulielewa bila kuambiwa: maji yamejaa, mama haji. Alilala juu ya marobota ya pamba na wenzake. Bibi alikuwa anatufunika shuka huku akisema, "Leo mama yenu kaolewa na kiwanda, laleni." Tulilala. Asubuhi mama anarudi, nywele zimejaa vumbi jeupe, mtu ungedhani amezeeka usiku mmoja.

Na nguo tulivaa, usiniambie habari ya nguo. Kila mara wafanyakazi waligawiwa vitambaa vyenye kasoro, vile ambavyo chapa imehama. Ua liko hapa na wekundu wake uko pale pembeni, kila mmoja na njia yake. Mtaani kwetu ukiona mtoto ana gauni la namna hiyo unajua mama yake au shangazi yake ni mfanyakazi wa kiwandani, na mtoto mwenyewe anatembea kifua mbele. Niliingia shule ya sekondari ndipo nikagundua kwamba maua ya kanga kwa kawaida hukaa ndani ya mistari yake. Nilisikitika kidogo.

Ukumbi wa kufumia niliingia mara moja tu, siku ya sherehe walipoturuhusu watoto kuja kuwaona wazazi wetu kazini. Nilichokiona humo sikumbuki vizuri. Nilichokisikia nakumbuka. Mashine zimepangwa safu kwa safu, zote zinapiga kwa pamoja, vyuma vinakwenda na kurudi, sakafu inatetemeka mpaka kwenye meno. Nikaogopa, nikapiga yowe, na yowe langu mwenyewe sikulisikia. Nikatazama kinywa cha ndugu yangu, kiko wazi, naye analia bila sauti. Humo ndimo mama alimomalizia ujana wake.

Sasa wanawake watafanya kazi pamoja miaka na mikaka bila kusemezana? Tena wanawake wa Pwani? Thubutu. Walibuni usemaji wao. Neno walilitamka lote, ila bila sauti, midomo wameitanua vizuri, nyusi zinapanda na kushuka, na pale midomo isipotosha mkono unamalizia. Ukitaka mwenzako ajue kwamba sasa unasema naye, unagusa kifua chako kwanza. Wenyewe waliuita kusema kavu. Mfumaji wa mwanzo wa safu alimtania mwenzake wa mwisho wa safu, msimamizi anapita katikati mikono nyuma, kumbe anayesemwa ni yeye na suruali yake.

Walitoka nao kiwandani wakauleta mtaani. Mama anasimama upande huu wa barabara ya Msimbazi, shoga yake upande ule, magari yanapita kati yao, nao wanamaliza habari ya wiki nzima. Msibani ndiko walikozidi. Wanawake wote wamekaa mkekani wameinamisha vichwa, kisomo kinaendelea, na mama na wenzake wanachambua kanga aliyovaa mke mwenza wa marehemu. Huwasikii. Unaona tu bega la mmoja linatikisika, watu wanadhani analia, wanampelekea maji.

Shoga yake mkubwa alikuwa mtu wa Masasi, Mkristo, mrefu, mwenye ulimi mkali hata akiwa hatoi sauti. Mashine zao zilikuwa jirani. Sikukuu ya Idi alikuwa kwetu tangu asubuhi, Krismasi mama anahamia kwake Buguruni na sisi wote nyuma yake. Walipokaa pamoja nyumba ilikuwa kimya kabisa, na hicho ndicho kimya pekee nilichokichukia utotoni, kwa sababu nilijua humo ndani kuna umbea mtamu unanipita.

Nilimwomba mama anifundishe. Akaniambia, "Nikikufundisha wewe, nitamsema nani?" Nikajaribu kujifunza kwa kuiba, nikaambulia patupu. Wakiniona nimekodoa macho wanageuza shingo.

Kisha mambo yakageuka, na hakuna aliyekaa nasi akatueleza. Ilikuja mitumba, shati la Ulaya kwa bei ya soda. Zikaja kanga za meli, rangi zake zinang'aa. Zamu zikapunguzwa, watu wakapunguzwa, mabasi ya kiwanda yakaonekana mara moja moja. Siku moja king'ora hakikulia. Bibi alikaa na sufuria lake jikoni akisubiri, maharage yakaungua, na alipoonja akasema tu, "Basi." Mama alirudi nyumbani na kanga zake za kasoro kwenye mfuko wa plastiki na masikio yaliyokwisha. Ukitaka akusikie unapiga ukelele, hivyo siri za nyumba yetu zikawa za mtaa mzima. Baadaye ikawa hata ukelele hausikii, tukawa tunamshika bega kumwita.

Mimi nikawa mfanyabiashara, na ninachouza ni vitenge. Cheka tu, nimezoea. Vyangu vyote ni vya nje. Mama alikuwa akija kwenye fremu yangu ya duka anashika kitambaa kati ya vidole viwili, anakisugua, kisha anasema kwa sauti ile ya viziwi inayofika mtaa wa pili, "Nailoni."

"Mama, unanifukuzia wateja."

"Watatoka jasho hao."

Mteja anarudisha kitambaa, anaondoka. Nilikuwa namkasirikia, halafu nikifika nyumbani najifunga kanga ya kasoro aliyoifuma yeye, maana joto la Dar halina mzaha.

Nyumba yetu ni katika zile nyumba za Kiswahili chache zilizobaki nyuma ya Mtaa wa Kongo, ya chini, ukumbi katikati na uani kwa nyuma. Maghorofa yameibana pande zote. Chumba cha mbele tulikitoboa dirisha tukafanya duka, tumempangisha bwana mmoja anayeuza vifaa vya simu. Ana spika mlangoni inayorudia maneno yale yale kutwa: kava, chaja, protekta, njoo uchague mwenyewe. Ni sauti yake mwenyewe, alijirekodi. Jirani yake ana spika ya viatu, na wa tatu ana ya mabegi, zinajibizana. Watu wa Kariakoo tunalala na kuamka humo.

Mama alianguka uani akichukua udhu wa alfajiri. Nilisikia kata ya maji imedondoka, nikatoka, nikamkuta amekaa chini ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Hospitali walimpokea vizuri, sitasema uongo. Daktari alikuwa mtu wa heshima, akanivuta pembeni akaniambia tuwe na subira, sauti inaweza kurudi na inaweza isirudi. Hayo hata mimi ningeweza kuyasema, na sikusomea udaktari. Tukarudi naye nyumbani na dawa za presha na mazoezi ya mkono.

Siku za mwanzo alilala tu. Kisha akaanza ile midomo.

Nilileta maji. Akageuza uso. Nilileta uji, jirani yetu akaniambia, "Mgonjwa haulizwi uji, wewe mpe," nikampa, ukamwagika shingoni. Nikabadilisha mto. Nikamgeuza ubavu wa pili. Nikamweleza kwamba fulani ameleta salamu, fulani amezaa, kodi ya mpangaji imekuja. Nilimwandikia kwenye karatasi, naye kusoma alikuwa anajua vizuri, lakini sasa aliitazama karatasi kama anatazama ukuta. Kaka yangu yuko Mwanza, ni bingwa wa kuuguza kwa simu. Nikamwekea video amwone, akakodoa, akasema, "Anasema ananitaka mimi." Basi njoo, nikamwambia. Akakata simu, mtandao ukawa mbaya ghafla.

Jirani akasema huenda anataka maji ya Zamzam. Tukayatafuta, mama mmoja wa mtaa wa nyuma alikuwa nayo tangu alipotoka hija, akatugawia kwa moyo mkunjufu. Nikamnywesha mama kwa kijiko. Akameza, nikasema alhamdulillahi, ndiyo yenyewe. Akapumzika kidogo, kisha macho yakarudi kwangu na midomo ikaanza upya. Wakaja wa kisomo, wakasoma vizuri mpaka mimi mwenyewe nikatulia. Mama hakutulia. Mwingine akaninong'oneza kwamba hayo si maradhi ya hospitali, kuna mtu wa kuona Mbagala. Nilimjibu neno ambalo siliandiki hapa, tukanuniana.

Nataka nieleweke. Haikuwa kazi ya kuuguza iliyonichosha. Kumwosha, kumbeba, kufua, hiyo nafanya, mgongo wangu mzima. Kilichonimaliza ni kwamba mtu ananiomba kitu, yeye aliyenizaa, naye anaamini kabisa kwamba nimesikia na sitaki tu kufanya. Nilikuwa naiona ile dharau ndogo machoni mwake, ile ya kumwona mtoto mkaidi. Siku moja nikakaa sakafuni nikalia mbele yake mpaka kamasi. Akanisubiri nimalize. Nilipofuta uso akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akaugusa kifua chake, nyusi zikapanda, na akasema tena.

Ndipo nikajua. Mama hakuwa anahangaika kutoa sauti. Sauti hakuwa hata na habari nayo. Alikuwa anasema kavu, kwa ufasaha wake wote, na kwa nusu ya mdomo aliyoachiwa, na mimi mwanawe ndiye niliyekuwa bubu.

Nikaanza kuwahesabu waliokuwa wakisema naye. Kuwahesabu ni kujitesa. Wengi nimewapikia pilau la hitma kwa mkono wangu. Mmoja alirudi kwao Newala na simu yake haipatikani. Mwingine yupo Temeke lakini macho yamekwenda, hawezi kuona mdomo wa mtu. Akabaki yule shoga wa Masasi. Miguu yake ni mibovu na mama alikuwa amekatazwa kupanda bajaji kwa sababu ya presha, hivyo walikuwa hawajaonana muda mrefu, wanatumiana salamu kwa wajukuu.

Nikaenda Buguruni asubuhi, mvua imenyesha, uchochoro wa nyuma ya gereji umejaa tope na oili. Anakaa chumba cha kupanga, mlango unatazamana na mafundi wanaogonga mabati ya magari. Nilimkuta kwenye kigoda anachambua mchicha.

"Shikamoo mama mkubwa."

Hakusikia. Naye masikio yalibaki kule kule. Nikavuta pumzi nikapiga ukelele, "Shikamoo!" Fundi mmoja chini ya gari akaniitikia marahaba. Wenzake wakacheka. Yule bibi akainua uso, akaona midomo yangu, akanijua.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako amekufa?"

"Hajafa. Anasema, na mimi simwelewi."

Alinitazama kinywani wakati nasema, kama walivyozoea. Akaweka mchicha pembeni, akaomba nimshike mkono ainuke. Hakuuliza zaidi. Alibadilisha kitenge, akajifunga kilemba, tukampakia kwenye bajaji yeye na magoti yake, akawa anaguna njia nzima kila tukipita shimo.

Tulipofika chumbani mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Yule bibi alisimama mlangoni kwanza. Nadhani alikuwa hajajiandaa kuuona uso ule umepinda. Kisha akaniambia nifungue pazia, hapa kuna giza, atasoma nini. Nikafungua. Akavuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda, akagusa kifua chake, akaanza.

Mama alibadilika. Sijui niseme vipi. Mwili ni ule ule, lakini sasa ulikuwa na mtu ndani. Jicho likacheka. Nusu ya mdomo ikaanza kwenda mbio, na midomo ya bibi ikajibu, taratibu, kisha haraka, na bega la bibi likatikisika. Walikuwa wanateta. Hakika walikuwa wanateta, pengine mimi. Nikasimama pembeni ya kabati, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikiwa na wivu wangu ule ule wa utotoni, na furaha juu yake. Nikajisemea, sasa atasema, sasa nitajua, nitakwenda kukileta hata kama kiko Zanzibar.

Kisha uso wa mama ukarudi kuwa wa kuomba. Alisema lile jambo lake. Bibi akainama karibu. Akamwashiria arudie. Akarudia. Bibi akaushika mkono wa mama, macho bado yako mdomoni kwake.

"Anasema nini?" nikauliza. Hakuniona, nikamgusa bega. "Mama mkubwa, anasema nini?"

"Anasema uzi umekatika."

"Uzi gani?"

"Uzi ukikatika unazima mashine uunge. Anasema waambie wazime. Amechoka, anataka wazime."

Nikaelewa haraka, nilivyodhani. Nikazima feni. Nikazima friji ya ukumbini, inavuma kweli ile friji. Nikatoka mbele kwa mpangaji nikamwomba azime spika, mama anasumbuka. Ni mtu mwema, akazima papo hapo, na bila kuambiwa akavuka kwa jirani wa viatu, akaenda kwa wa mabegi, akawaambia kuna mgonjwa. Nao wakazima. Sijawahi kuisikia barabara yetu hivyo mchana, unasikia ndala za watu.

"Mpaka saa ngapi, dada?" aliniuliza, kwa adabu tu, maana naye anatafuta riziki.

Nikamwambia nitamjulisha, nikakimbilia ndani. Mama alikuwa anasema vile vile.

"Nimezima vyote," nikamwambia bibi. Nilikuwa nahema.

Akanishika mkono akanikalisha kitandani. "Mwanangu, mama yako hiyo spika hajawahi kuisikia. Hakusikii hata wewe. Mashine anayosema ni ya kule."

"Ya kiwandani? Si ilikwishakatwa hiyo, mama mkubwa. Ilikwishauzwa."

"Iko hapa," akagusa sikio lake, si la mama. "Na mimi ninayo yangu. Sote tuliotoka mle tunayo."

Nikamuuliza inaliaje. Akaweka vidole vyake vyote kumi kwenye ubao wa kitanda akaanza kuupiga, haraka, vyote pamoja, bila kupumzika, na uso wake hauna kitu. Aliendelea mpaka nikamwomba aache. Akaniambia mchana ukiwa na shughuli inakaa mbali kidogo. Ukipika, ukifua, ukigombana na mtu, unaisahau. Lakini ukilazwa kutwa kitandani, huna pa kuikimbilia, inakuja kukaa na wewe.

"Kwa nini mama hakuwahi kusema?"

"Amwambie nani? Kila aliyekuwa karibu naye alikuwa nayo. Tulidhani ndivyo watu wanavyozeeka."

"Inazimwaje?"

"Ningejua, si ningeanza na yangu?"

Nilikaa pale na mikono yangu mapajani. Nimezoea kugombana ili jambo liende. Nimegombana na wapangaji, na watu wa mzigo, na mgambo wa jiji, na wengi nimewashinda. Hapa nilikuwa na hasira na sina wa kumpa. Nimpigie nani? Msimamizi alikwishakufa. Wenye kiwanda sijui ni nani tena, na lango lake lina kufuli na mlinzi asiyejua hata kilichokuwa kinafanywa mle. Daktari nilikuja kumuuliza baadaye, akasema kwa umri wake na hali yake ni vigumu, akaandika dawa ya usingizi. La kuvunda halina ubani. Mji mzima umesahau kwamba uliwahi kufuma, na mama yangu bado yuko zamu, hajapewa ruhusa ya kutoka.

"Basi mwambie imezimwa," nikamwambia bibi. "Mdanganye."

"Mimi hatanisadiki. Anajua ninayo. Mwambie wewe."

"Sijui kusema kavu."

"Leo nitakufundisha."

Akanigeuza nimtazame. Akaniambia nisiharakishe, nisitoe hata pumzi, sauti ikiingia midomo inaharibika. Akatamka, nikafuata. Akanirekebisha kwa kidole chake mdomoni mwangu, kidole kina harufu ya mchicha. Nikarudia mpaka akaridhika. Nje mpangaji alikuwa amewasha tena spika yake, kwa sauti ya chini, na simlaumu.

Nikamgeukia mama. Nikagusa kifua changu. Macho yake yakaja yote mdomoni mwangu, na nikaona ameshtuka kwamba ni mimi. Nikamwambia, taratibu, kwa midomo yangu yote: imezimwa, mama. Wamezima. Pumzika.

Alinisoma mpaka mwisho. Akafumba macho, midomo ikatulia, na bibi naye akanishika goti, tukasubiri. Alikuwa anasikiliza. Kisha akayafungua, akanitazama kwa upole ambao sikuwa nimeuona tangu aanguke, midomo yake ikakutana, ikaachana, ikaviringika. Hilo nililisoma mwenyewe, sikuhitaji kuambiwa.

Bado.